Usiilaumu kompyuta kabla ya kuifuata sauti

KAMA una mtoto wa shule ya upili au wa chuo hapa Nakuru, yamkini umewahi kumsikia usiku akiimba peke yake nyuma ya mlango uliofungwa. Amejifunika blanketi gubigubi, ana hedifoni masikioni, na mbele yake kuna laptopu na maikrofoni ndogo. Usimgongee mlango. Anarekodi wimbo.

Katika miaka ya 1970, mwimbaji wa sehemu hizi aliyetaka sauti yake iingie kwenye santuri alilazimika kufunga safari. Ama alienda Nairobi, ama alipanda Mau Summit na kuteremka hadi Kericho, ambako duka la Chandarana lilikuwa likirekodi na kuuza santuri za benga na za Kikalenjin. Leo studio imehamia chumba cha kulala: Section 58, Kiamunyi, Free Area, Kaptembwa, na vyumba vya wanafunzi kule Njoro. Programu ya Audacity, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000, haina malipo hata senti moja. Reaper unaruhusiwa kuijaribu kwa siku 60 kabla ya kulipia. Nayo FL Studio, iliyozaliwa Ubelgiji mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, ndiyo kipenzi cha barobaro wanaotunga biti.

Baada ya juma moja hivi za furaha, malalamiko huanza. Sauti inakwaruza. Sauti inachelewa. Wimbo ulikuwa mzuri kwenye hedifoni lakini kwenye simu ya shangazi mwimbaji ametoweka. Kijana anakuja sebuleni na uso umemshuka: "Mama, hii kompyuta ni mbovu, haiwezi kazi ya muziki. Tununue nyingine."

Mzazi mpenzi, kabla hujagusa pesa za karo, nisikilize. Mara nyingi kompyuta haina kosa lolote, na hata programu haina kosa. Kosa liko mahali fulani njiani, kati ya mdomo wa mwimbaji na sikio la msikilizaji, na mahali hapo panaweza kupatikana bila ya kutumia shilingi.

Fundi wa redio wa zamani, yule wa kibandani mwenye pasi ya kulehemu, hakuanza kazi kwa kubadilisha vipuri. Alianza mahali umeme unapoingilia, akaufuata hatua kwa hatua hadi pale ulipokatikia. Sauti nayo hufuatwa vivyo hivyo. Hutoka mdomoni, hupita hewani, huingia kwenye maikrofoni, hupita kwenye waya, huingia kwenye kile kisanduku ambacho mafundi hukiita intafesi, kisha kwenye kompyuta, kisha kwenye programu, halafu hurudi nje kupitia waya mwingine hadi hedifoni. Jiulize: hadi kufikia hapa, sauti bado ni nzima? Na ukijaribu tiba, jaribu moja tu kwa wakati mmoja. Kijana anayebadilisha mambo matano kwa pamoja hatajua ni lipi lililoponya, na kesho ugonjwa ukirudi ataanza upya.

Tuanze na tatizo la kutosikika kabisa, maana hilo ndilo linalowatisha wengi ilhali ndilo jepesi kuliko yote. Unabonyeza kitufe chekundu, unaimba, na kwenye skrini panatokea mstari ulionyooka kama reli. Kwanza hakikisha programu inasikiliza maikrofoni uliyonunua, si ile ndogo iliyojengwa ndani ya laptopu. Kipimo chake ni rahisi: kwaruza taratibu kichwa cha maikrofoni yako kwa ukucha, kisha gonga laptopu karibu na kamera. Pale panapotoa kishindo kikubwa ndipo penye sikio. Nimewaona watu wakiimbia maikrofoni ya bei ghali jioni nzima huku laptopu ikiwasikiliza kutoka upande wa pili wa meza, kisha wakalalamika kwamba maikrofoni ni bandia.

Kama kuna kimya kabisa, tazama mambo mawili. Maikrofoni za aina ya kondensa, zile zinazounganishwa kwa waya mnene wenye pini tatu, hazifanyi kazi bila ya kupewa umeme wa volti 48 kutoka kwenye intafesi. Kuna kitufe chake, nacho hubaki kimezimwa hadi ukiwashe. Jambo la pili, kompyuta za Windows 10 na Windows 11 zina mahali katika mipangilio ya faragha panapoamua ni programu zipi zinaruhusiwa kutumia maikrofoni. Ruhusa hiyo ikiwa imefungwa, huenda programu isipige kelele wala kukupa onyo. Inaweza kurekodi kimya, kwa adabu kabisa.

Sasa tuje kwenye kuchelewa, tatizo linalowafanya waimbaji wazuri waonekane hawajui kufuata mdundo. Unaimba "la", na sauti yako mwenyewe inakufikia masikioni nukta kidogo baadaye. Ulimi unajikwaa. Unapunguza mwendo ili kuingoja, biti inakuacha.

Sababu yake ni hii. Kompyuta haishughulikii sauti tone moja moja. Huyakusanya matone kwenye ndoo, ndoo ikijaa ndipo inaichukua na kuifanyia kazi. Ndoo hiyo huitwa bafa. Katika sekunde moja ya sauti ya kiwango cha kawaida kuna matone, au sampuli, 44,100. Ukiweka bafa ya sampuli 1,024, ndoo moja huchukua sehemu 23 hivi za elfu ya sekunde kujaa. Sauti hewani hukata kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ucheleweshaji huo ni sawa na kumsikiliza mtu aliye umbali wa mita 8. Lakini kuna ndoo ya kuingia na ndoo ya kutoka. Ni kana kwamba unapiga gitaa ukiwa madhabahuni na masikio yako umeyaacha kwenye viti vya nyuma kanisani.

Ukipunguza bafa hadi sampuli 128, umbali huo unakuwa takriban mita moja kwa kila ndoo, na hakuna mwimbaji atakayelalamika. Basi kwa nini tusiiache hapo daima? Kwa sababu ndoo ndogo zinajaa haraka, na kompyuta inalazimika kukimbia mbio kuzimwaga. Ikichelewa hata mara moja, unasikia mkwaruzo, kama bisi zinazolipuka kwenye sufuria. Wengi wakisikia mkwaruzo huo husema maikrofoni imeharibika. Haijaharibika, ni ndoo iliyofurika.

Kwa hivyo wakati wa kurekodi weka bafa ndogo, 128 au 256, na uzime yale madoido mazito uliyoyaweka kwenye treki nyingine. Wakati wa kuchanganya sauti, ambapo hakuna anayeimba, ipandishe hadi 1,024 na uiache kompyuta ipumue. Funga vivinjari vya intaneti. Chomeka chaja, kwani laptopu nyingi hupunguza nguvu zake zikitumia betri ili kuibana matumizi. Na kama ni kompyuta ya Windows, tumia draiva ya ASIO iliyotolewa na watengenezaji wa intafesi yako. Mfumo huo ulibuniwa na kampuni ya Steinberg mwaka 1997 kwa ajili ya shida hii hii. Asiye na intafesi anaweza kupata ASIO4ALL bila malipo, na itamsaidia kiasi.

Kuna jambo moja ambalo hakuna bafa itakayoliponya, nalo ni hedifoni za Bluetooth. Zenyewe huchelewesha sauti kwa sehemu ya kumi ya sekunde au hata zaidi, maana sauti inabanwa, inarushwa hewani, kisha inafunguliwa. Kwa kusikiliza nyimbo ndani ya matatu ni nzuri sana. Kwa kurekodi ni balaa. Vibaya zaidi, ukitumia ile maikrofoni iliyomo ndani yake, ubora wa kila kitu hushuka ghafla hadi kufanana na mazungumzo ya simu. Kijana anaweza kumaliza siku mbili akitafuta kosa hilo ndani ya programu, ilhali hedifoni ya waya ya bei nafuu ingemaliza shauri.

Wazazi waliokua na kaseti wana ushauri wao kuhusu sauti, na hapa nawaomba radhi kidogo. Wakati wa kaseti tulifundishwa kurekodi kwa nguvu nyingi iwezekanavyo, sindano ikaribie nyekundu, ili wimbo uzidi ule mvumo wa utepe. Ulikuwa ushauri mwema kwa zama zake. Utepe ukizidiwa nguvu huikunja sauti polepole, na wengine waliipenda ladha yake. Kompyuta haina upole huo. Juu kabisa ya kipimo chake kuna sifuri, na wimbi lolote linalojaribu kupita sifuri hukatwa kichwa papo hapo. Kilichokatwa hakirudi. Ukishusha sauti baadaye utapata uchafu ule ule, ila wa sauti ya chini.

Basi, mwambie mwimbaji aimbe ile sehemu ya wimbo yenye nguvu kuliko zote, si ule ubeti wa mwanzo wa kunong'ona, kisha urekebishe kile kitufe cha nguvu ya maikrofoni, mafundi hukiita geini, hadi vilele viguse kama desibeli 12 chini ya sifuri. Kwaya zina tabia ya kulipuka zikifika kwenye kiitikio zikiona watu wamesimama, kwa hiyo waachie nafasi zaidi. Ukirekodi kwa biti 24 huna haja ya kuogopa kwamba sauti itakuwa ndogo mno. Utaipandisha baadaye bila hasara.

Mvumo wa umeme nao una siri yake. Stima ya Kenya hutembea kwa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo mvumo unaousikia kama nyuki ndani ya chupa uko kwenye 50, na watoto wake kwenye 100 na 150. Programu nyingi za kuondoa mvumo zimetengenezwa na watu waliozoea stima ya Marekani, ambayo ni 60, na zikifunguliwa huanzia hapo. Kijana hubonyeza kitufe, nyuki anaendelea kuvuma, naye anaamini programu haifai. Badilisha namba. Lakini kabla ya hapo, chomoa chaja ya laptopu na usikilize. Ukinyamaza, umempata mwizi: rekodi treki hiyo kwa betri, au chomeka vyombo vyote kwenye soketi moja ya ukutani ili visivutane. Tafadhali, tena tafadhali, asiwepo wa kukuambia ukate au uing'oe ile pini ndefu ya plagi ili mvumo uishe. Pini hiyo ndiyo inayokulinda usipigwe na stima, na gitaa lenye nyuzi za chuma likiwa mkononi hakuna wimbo unaostahili hatari hiyo.

Kuhusu kelele za mtaani sitasema mengi. Mvua ya alasiri ikipiga paa la mabati, funga kompyuta mkanywe chai. Hakuna programu itakayomtenganisha mwimbaji na mvua hiyo bila kumjeruhi mwimbaji mwenyewe, na ukiisukuma zaidi sauti yake itatoka kama mtu anayeongea ndani ya tangi la maji. Kabati lililojaa nguo, mlango wake ukiwa wazi nyuma ya mwimbaji, ni studio nzuri kuliko sebule yenye sakafu ya saruji. Lakini angalia mtego huu: kompyuta nyingi za siku hizi huja zikiwa zimewashiwa kichujio cha kelele kwa ajili ya mikutano ya mtandaoni. Kichujio hicho kimefundishwa kwamba maneno ya binadamu ni mema na mengine yote ni kelele. Gitaa likilia kwa muda mrefu kinadhani ni feni, nacho kinalimeza. Ukiona ala inatoweka polepole kila baada ya sekunde kadhaa, zima kichujio kwenye mipangilio ya sauti.

Sasa nifike kwenye lile ambalo kwa maoni yangu limeharibu kazi nyingi kuliko yote niliyoyataja, kwa sababu mwenyewe halisikii hadi wimbo ushatoka nyumbani.

Tuseme kwaya yenu imeimba Jumapili, na ninyi mmechukua waya kutoka kwenye mashine ya kuchanganyia sauti ya kanisa hadi kwenye laptopu. Nyumbani mnasikiliza kwa hedifoni: sauti ni pana, imeenea kulia na kushoto, ingawa kuna kitu cha ajabu, kama kwamba mwimbaji hayuko mbele yako bali amekuzunguka kichwa. Mnafurahi. Mnautuma wimbo. Jioni shangazi aliyeko Gilgil anapiga simu: "Mbona mmenitumia ngoma tupu? Mtoto wetu mbona hasikiki?" Mnadhani simu yake ni mbovu. Mnajaribu kwenye simu yenu, na kwenye redio ndogo ya jikoni. Mwimbaji hayupo.

Kilichotokea ni hesabu. Sauti ni wimbi lenye mlima na bonde. Waya za kitaalamu zenye njia mbili hubeba sauti moja mara mbili, moja ikiwa imegeuzwa juu chini: pale wa kwanza ana mlima, wa pili ana bonde. Intafesi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo hujua kuigeuza tena ile ya pili, ikaziunganisha, na kelele zilizoingia njiani zikafutika. Ni ubunifu wa akili sana. Lakini ukichomeka waya huo kwenye tundu la stereo la laptopu au la kinasa sauti kidogo, chombo hakijui lolote. Kinaiweka ya kwanza kushoto na ya pili kulia. Ukiwa na hedifoni kila sikio linapata yake na huoni kasoro. Simu au redio yenye spika moja hujumlisha kushoto na kulia. Mlima na bonde vikijumlishwa ni tambarare. Mwimbaji amejifuta mwenyewe.

Uzuri ni kwamba tiba yake huchukua dakika moja. Katika programu yako igawe treki ya stereo iwe mbili, futa mojawapo, na ile iliyobaki iweke katikati. Hujapoteza kitu, kwa kuwa zote mbili zilikuwa na sauti ile ile. Ama kama unataka kuzihifadhi zote, tafuta amri ya kugeuza wimbi juu chini na uitumie kwa upande mmoja tu.

Ugonjwa huo una ndugu zake. Yupo kijana anayependa yale madoido ya kupanua sauti, anayasukuma hadi mwisho kwa kuwa kwenye hedifoni yanapendeza; baadhi yake hufanya kazi kwa kugeuza wimbi upande mmoja, na kwenye spika moja huleta msiba ule ule. Yupo pia anayeweka maikrofoni mbili mbele ya gitaa moja au ngoma moja, kila moja kwa umbali wake. Sauti inafika kwenye ya kwanza, kisha kwenye ya pili ikiwa imechelewa kidogo, na zikichanganywa baadhi ya noti zinafutana na nyingine zinavimba. Sauti inakuwa nyembamba, kama inatoka ndani ya bomba. Desturi ya mafundi pale waimbaji au ala ni mbili, kila mmoja na maikrofoni yake, ni kwamba nafasi kati ya maikrofoni hizo iwe angalau mara tatu ya umbali wa kila maikrofoni na mwimbaji wake. Ukiimba ukiwa sentimita 20 kutoka yako, ya mwenzako iwe sentimita 60 au zaidi kutoka yako.

Kwa hiyo, kijana, katika programu yako tafuta kitufe cha mono na ukibonyeze kila baada ya muda wakati unachanganya. Ikiwa mwimbaji anafifia au besi inayeyuka, simama hapo hapo. Usiendelee kupamba nyumba ambayo ukuta wake haupo. Spika nyingi ambazo wimbo wako utakutana nazo katika maisha yake, kuanzia simu za bei nafuu hadi spika za kumbi za mikutano, ni za mono.

Kosa jingine la kushangaza, ila la haraka kulieleza: wimbo unatoka mzito na wa taratibu, kama kwaya imekula ikashiba kupita kiasi. Kamera na simu zikirekodi video aghalabu hutumia sampuli 48,000 kwa sekunde, na sahani za CD hutumia 44,100. Programu ikichukua sauti ya 48,000 na kuicheza kana kwamba ni ya 44,100, wimbo wa dakika 4 utarefuka kwa sekunde 21 na sauti zote zitashuka kama noti moja na nusu ya kinanda, ukihesabu nyeusi na nyeupe. Soprano anakuwa alto. Chagua namba moja tangu mwanzo wa kazi na uwaambie wenzako wote waitumie.

Baada ya makosa hayo kuondolewa ndipo kuchanganya sauti kunapoanza, na hapo sina sheria nyingi. Mwimbaji akizama, usimpandishe yeye. Washushe wale wanaomfunika, hususan kinanda na gitaa vinavyokaa kwenye kimo kile kile cha sauti ya binadamu. Sikiliza kwa sauti ya chini, kiasi cha kuweza kuzungumza na mtu bila kupaza. Sauti ikiwa juu kila kitu hupendeza, hata makosa. Na vita vya kufanya wimbo wako uwe na makelele kuliko wa mwenzako havina faida tena: YouTube na Spotify hupima wimbo, na ukizidi kipimo chao cha takriban 14 chini ya sifuri, huushusha wenyewe. Utakuwa umeuponda wimbo wako bure.

Limebaki jambo zito, nalo ni kazi kupotea. Mashabiki wa Audacity wa miaka ya nyuma wanajua uchungu huu. Kabla ya toleo la 3.0 la mwaka 2021, kazi ilihifadhiwa kama faili ndogo pamoja na folda iliyobeba sauti zenyewe. Mwanafunzi alinakili ile faili ndogo kwenye flashi, akafuta vilivyobaki, akaenda kwa rafiki yake, akaifungua: tupu. Tangu 2021 vyote vimo ndani ya faili moja, lakini programu nyingine nyingi bado hutunza orodha tu ya mahali sauti zilipo. Tafuta amri ya kukusanya sauti zote pamoja kabla ya kuhamisha kazi. Toleo la majaribio la FL Studio nalo hukubali kuhifadhi kazi, ila halikufungulii tena hadi ununue leseni. Kwa hiyo toa sauti ya kila treki kama faili la WAV siku hiyo hiyo. Na zile programu zilizovunjwa kufuli zinazopitishwa mkono kwa mkono kwenye flashi, mbali na kuwa wizi, huleta virusi na hujifunga ghafla katikati ya kazi. Audacity ipo bure, hakuna kisingizio.

Nafasi nayo ihesabiwe. Treki moja ya mono ya biti 24 hula takriban megabaiti 8 kwa dakika. Treki 12 za wimbo wa dakika 5 ni karibu megabaiti 480, kabla hujarudia kuimba hata mara moja. Diski ikijaa, programu inaweza kukata sauti katikati ya ubeti.

Nasisitiza hili kwa sababu si kila rekodi inaweza kurudiwa. Mwaka 1950, Hugh Tracey alifika na mitambo yake Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, akarekodi wasichana wakiimba wimbo uitwao "Chemirocha", jina lililotokana na la mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika vijijini. Utepe huo ulihifadhiwa katika maktaba aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954. Mwaka 2015, miaka 65 baadaye, sauti hizo zilirudishwa Kapkatet, na wenyeji wakazisikia. Hebu fikiria kama mtu angenakili faili moja na kuisahau folda.

Kwa hivyo kijana, kama bibi yako huko Molo au Olenguruone anazijua nyimbo za harusi na za kubembeleza watoto ambazo hakuna mwingine nyumbani anayezijua, nenda ukamrekodi likizo hii, kwa simu ikibidi. Usiigeuze iwe MP3, iache WAV. Ile ya kwanza usiiguse kamwe. Ukitaka kuondoa mvumo au kukata kikohozi, fanya hivyo kwenye nakala. Kwenye jina la faili usiandike "mpya 2 ya mwisho kabisa". Andika jina la mwimbaji, jina la wimbo, mahali, na siku, mwezi na mwaka. Nakala moja ibaki kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje, na ya tatu mpe mjomba anayeishi mji mwingine.